Bwana Masharubu wa Gikomba

Koki, au Mama Kimeu kwa majirani, alikuwa fundi wa cherehani katika soko la Gikomba, Nairobi, hodari wa kupunguza makoti ya mitumba na kubadilisha zipu. Siku moja mwaka wa 1984, alipokuwa akigeuza jaketi la mtoto, aligusa kitu kigumu ndani ya bitana. Akafumua nyuzi. Zikamwagika kadi kumi na moja za wanaume wenye kofia na marungu, pamoja na bahasha yenye anwani ya duka la kadi la Amerika.

Akazipenda papo hapo. Kufikia Krismasi kila mwuza mitumba alikuwa akimpekulia mifuko, na kopo lake la biskuti lilikuwa na kadi sitini na mbili. Alizipanga kwa thamani: wenye masharubu juu, wanaocheka wakafuata, walionuna chini kabisa.

"Mama Kimeu, huu ni mchezo wa Amerika, besiboli," akasema Phares, karani, jirani yake mtaani Kaloleni. "Kadi za zamani kama hizi, wenzetu huzinunua ghali."

Phares akaliandikia lile duka kuuliza bei. Jibu lilifika baada ya miezi mitatu, naye akalisoma kwa sauti iliyozidi kufifia.

"Wanasema ni za kawaida tu. Zilichapwa nyingi mno. Zote pamoja hazifiki bei ya stempu."

"Ziko nyingi wapi?"

"Huko Amerika."

"Na hapa Kaloleni?"

Phares akakuna kichwa. "Hapa ni hizi zako tu."

"Sasa!" Koki akapiga makofi, akacheka mpaka akashika ukuta.

Jumapili iliyofuata kanisani kulikuwa na harambee ya kununua mabati ya paa. Baada ya kuku na kabichi kunadiwa, Koki akatoa kadi moja, ya bwana mwenye masharubu kushinda wote. Phares akaiinua juu.

"Nairobi nzima haina pacha wake!"

"Shilingi kumi!" akasema Kabiru, seremala.

"Ishirini!" ikajibu kwaya.

"Hamsini!" Kabiru akapandisha.

Ikapita hata bei ya jogoo aliyenadiwa. Kabiru alipoanza kutoa pochi, Koki akashtuka. Kumbe Bwana Masharubu anaondoka kweli!

"Sitini!" akapaza sauti.

"Mama Kimeu, si kadi ni yako?" Phares akashangaa.

"Najua! Sitini!"

"Themanini!" Kabiru akang'ang'ana.

"Mia!"

Kanisa likalipuka. Mchungaji alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Kabiru akainua mikono, ameshindwa. Koki akalipa pesa alizokuwa amewekea mkanda mpya wa cherehani, akaibusu kadi yake mbele ya wazee wa kanisa, akarudi kuketi.

Kesho yake Kabiru alikuja kibandani na fremu ndogo ya mbao, imepigwa msasa ikang'aa.

"Mtie humu, Mama. Na mimi nipate kumwona nikipita."

Wakamtundika juu ya cherehani. Wateja walipouliza huyo ni nani, Koki alijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa:

"Huyo ndiye aliyetuezekea kanisa. Haya, lete suruali nikupime."