Kujinyanyua Bila Hando

Mimi sikusomeshwa. Nimebeba makaa kutoka Ganze, nimeuza mahindi Malindi, nikajijengea nyumba ya mawe kwa mikono hii. Basi siku niliposhindwa kuinuka chooni, mke wa mwanangu akaja kunivuta kwa makwapa, sikumtazama usoni kutwa nzima. Mkaza mwana hafai kukuona vile.

Kliniki alikonipeleka, binti mmoja wa bara anayefundisha mazoezi akaniambia makalio yangu yamelegea, ndiyo yanayoninyima kusimama. Neno hilo haliambiwi mtu mzima. Akatandika mkeka, akalala yeye kunionyesha: lala chali, kunja magoti, kaza makalio, inua kiuno, tulia, shuka polepole. Nami nilale? Nikamwambia nitafanya kwangu.

Nikafanya, mlango nimefunga, hando kiunoni. Hando ni ile sketi yetu Wagiriama, ya marinda mengi, inayojaza nyonga. Mimi siivui ila kuoga na kulala. Nikakaza, nikapitisha kiganja chini ya mgongo, nikakuta nafasi kubwa. Nikajisifu. Kila asubuhi nikajisifu.

Kisha tukaenda matangani Magarini, kwa wakwe zangu. Nilipotaka kuaga, mwili ukakataa kutoka mkekani. Wanawake wawili wakanishika nyonga, wakavuta. Kumbe wameshika nguo. Hando likapanda hadi kifuani, mimi nikabaki chini, mapaja nje, membamba kama mipini ya jembe.

“Ala, shoga,” akasema mwenzangu mmoja wa rika langu, “kumbe aliyekuja matangani ni hando. Wewe mwenyewe umebaki nyumbani?”

Msibani, watu wakacheka. Mkaza mwanangu akanifunika kwa leso yake, akaninyanyua tena kwa makwapa.

Kesho yake akaja chumbani, akasimama mlangoni.

“Mama, lile zoezi wewe walifanya na hando?”

“Nalifanya nalo.”

“Basi hando ndilo linalokuinua. Wewe umelala juu yake tu.”

Nilitaka kumfukuza. Lakini choo kiko pale pale, na mtu wa kunitoa ni yeye.

“Livue,” akasema. “Nitatazama ukutani.”

Nikalivua, nikajifunga leso moja, nikalala sakafuni. Mgongo ukagusa saruji, baridi. Nikasukuma nyayo chini, nikakaza mpaka jasho likaniingia machoni.

“Kiuno kimeinuka?”

“Sijatazama, mama.”

“Basi tazama.”

Akageuka. Tangu kufa kwa mume wangu hakuna aliyeniona hivyo, nami nikafumba macho. Akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya kiuno changu.

“Kidole chapita,” akasema. “Kwa shida.”

Nikamwambia auache mkono pale pale, nisukume tena.