Msisimamishe Gurudumu

Kila Idi inapokaribia, watu wa mtaa wetu wa Iftin huniletea watoto waoga. Hawaji na maneno mengi. Mama husimama mlangoni, mtoto kajificha nyuma ya buibui lake, na kuniambia tu, "Na huyu pia." Hapo najua kwamba malori yamefika kutoka Nairobi, vyuma vimeshushwa uwanjani, na lile gurudumu kubwa lenye viti vya kuning'inia linaunganishwa tena kwa siku chache za sikukuu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, si daktari wa woga. Kazi hii nimeipata kwa ukaidi wangu mwenyewe, na wanaotaka niiache watasubiri sana.

Mtoto wa kwanza alikuwa wa dada yangu mkubwa, anayeishi Eldas na mifugo michache iliyoponea ukame. Aliniletea bintiye asome Garissa. Msichana huyo huniita habaryar, yaani mama mdogo, nami humwita habaryar vilevile, maana kwetu Wasomali unavyoitwa na mtoto ndivyo unavyomwita. Alikuja juu ya lori la mbuzi. Wanaoijua barabara yetu wanajua safari hiyo: mbuzi chini, watu juu yao wamekalia vyuma, na mtoto hufungwa kwa leso asije akasinzia akadondoka. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, wasikoona. Walipokuwa katikati ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, maji yakawakuta humo humo na lori likalala ubavu. Yeye alitupwa matopeni akavunjika mfupa wa bega. Mzee aliyekaa karibu naye, aliyekuwa akimpa tende njia nzima, alisoma shahada kwa sauti lori lilipoinama, na hakuinuka tena.

Mfupa uliunga. Kupanda ndiko kulikokataa kurudi. Nyumbani kwangu alilala kitanda cha chini, na cha juu hakukigusa hata kwa mkono. Sukari ikiwa rafu ya juu, alikunywa chai bila sukari kuliko kusimama juu ya kigoda. Alikuwa haongei kwa sauti pia. Ukimwuliza jambo, ulilazimika kuinama kumsikiliza, na wageni walimsifu kwa adabu. Mimi sikuona adabu pale. Niliona mtoto anayejificha, na nilikasirika kila waliposifia.

Shuleni tulijengewa ghorofa. Tulishangilia, tukapiga picha mbele yake, kisha ikatangazwa kwamba muhula wa pili Gredi ya Nne itahamia juu. Yeye alikuwa Gredi ya Nne. Walipopelekwa kuliona darasa jipya, alifika mguu wa ngazi akakaa chini, akashika nguzo, na haikuwezekana kumbandua.

Mwalimu mkuu wetu ni mtu wa bara, mpole, anayependa mambo yake yanyooke. Aliniita ofisini akaniambia, "Mwalimu, nimefikiria. Huyu mtoto arudi Gredi ya Tatu kwa muda. Hao wanabaki chini."

"Mtoto anayewashinda wenzake hesabu arudishwe darasa kwa sababu ya ngazi?"

"Si adhabu, mwalimu. Lakini siwezi kumbeba kila asubuhi, na darasa siwezi kulishusha."

"Nipe likizo hii."

Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko kama angenikaripia. "Sawa. Siku ya kufungua, akipanda, amepanda. Asipopanda, ataingia Tatu, na usinilaumu."

Likizo hiyo ilikuwa na Idi ndani yake. Nilipoona malori yanashusha vyuma uwanjani, nilijua la kufanya. Kaka yangu, anayeuza ngamia sokoni, alikuja jioni kunywa chai akanikuta nikimweleza mtoto habari za gurudumu. Alisubiri msichana aingie ndani.

"Mtoto ameanguka kutoka juu ya lori, na wewe unataka kumpandisha juu zaidi ya lori?"

"Ndiyo."

"Watu wetu wana hofu za kweli za kutosha. Barabara, ukame, risasi. Sasa unamtafutia za kununua?"

Nilimjibu, na jibu hilo bado nalishikilia. Nilimwambia hizo za kununua ndizo ninazozitaka. Mtoto wa kwetu hufundishwa kuogopa mapema mno: akisikia mlio alale chini, akimwona mtu mwenye bunduki ashushe macho, lori likiyumba ashike chuma. Woga wote anaoujua unaweza kumwua kweli. Kwa nini asionje hata mara moja woga unaokwisha wenyewe, mashine ikizimwa, akashuka akala sambusa? Kwa nini watoto wa kwingine wapige mayowe ya raha na wetu wayajue ya msiba tu? Kaka yangu alisema nimesoma sana hadi nimeharibika, akamaliza chai yake, akaondoka bila kuomba kikombe cha pili.

Siku ya kwanza hatukupanda kitu. Tulikaa chini ya turubai la muuza vinywaji tukitazama. Wasichana walikuwa na hina mpya na miwani ya plastiki, vumbi limewapanda hadi magotini, na jenereta inanguruma kuliko muziki wenyewe. Sikumwambia kwamba hakuna cha kuogopa. Watu wazima hupenda sana kusema hivyo, na mtoto, ambaye ana macho, huona kabisa kwamba kipo. Nilimwambia, "Utaogopa. Tumbo litapanda hadi shingoni. Kisha litarudi mahali pake."

Alilifuata gurudumu kwa macho. Halafu nikainama nimsikie. "Nani analishika?"

Swali la maana. Nilimpeleka kwa kijana aliyekuwa akiliendesha, mtu wa bara mwenye kofia iliyochakaa na mikono ya grisi. Hakutucheka. Alimwonyesha breki, akamwonyesha mkanda na pini inayofunga mlango wa kiti, akamwachia aivute mwenyewe. "Hii haifunguki hadi mimi nifungue," alisema. Mtoto akaivuta tena na tena, na foleni ikaanza kulalamika.

Siku ya pili tulikwenda asubuhi kabla jenereta haijawashwa. Yule kijana alikuwa akipangusa viti. Mtoto alikaa katika kiti cha chini kabisa, kisichokwenda popote, mguu mmoja nje, na mimi nimesimama kando. Kikiyumba kidogo alishuka. Kikitulia alirudi. Nilikuwa na hamu ya kumsukuma, nakiri, maana subira si tabia yangu, lakini niliifunga mikono yangu nyuma. Mwishowe ule mguu wa nje ukaingia ndani. Tukaishia hapo, tukarudi nyumbani.

Siku ya tatu, ya mwisho kabla malori hayajaondoka, alivaa gauni lake la Idi bila kuambiwa. Tulipofika mbele ya foleni alinivuta mkono. "Na wewe upande."

Jambo hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Mimi, mwanamke mzima, mwalimu, nikalie kiti cha kuning'inia mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu! Isitoshe, maishani mwangu sikuwahi kufika juu kuliko lile paa la nyumba yetu nililopanda utotoni nikachapwa. Lakini ningesema nini? Nilipanda. Kijana akafunga pini, mtoto akaivuta kuhakikisha, na lile gurudumu likatunyanyua.

Sitajipamba. Niliogopa vibaya sana. Ardhi ilipotuacha, tumbo langu lilifanya yale yale niliyomwambia litafanya, na maarifa yangu yote hayakunisaidia kitu. Yeye alikuwa amefumba macho, kimya, vidole vyake vimezama mkononi mwangu. Tulizunguka mara ya kwanza hivyo. Mara ya pili, tulipokuwa tukikaribia juu, mdomo wangu ulifunguka wenyewe na shahada ikatoka, kwa sauti, tena sauti ya darasani. Mwislamu akishikwa na hofu ndivyo asemavyo, haulizi ulimi. Wasichana wa kiti cha nyuma wakaidaka. Wa kiti cha mbele wakaidaka. Punde gurudumu zima, kina mama na mabinti na miwani yao ya plastiki, lilikuwa likisoma shahada kwa pamoja juu ya mji wa Garissa.

Na hapo gurudumu likasimama.

Lilisimama na sisi tukiwa juu kabisa. Kiti kiliyumba mbele na nyuma, na wote waliokuwa wakisoma wakanyamaza ghafla. Katika kimya hicho ndipo nilipomkumbuka mzee wa lori. Maneno ya mwisho ambayo mtoto huyu aliyasikia kabla dunia haijapinduka ndiyo niliyompigia sikioni mimi mwenyewe, mahali pa juu, kwenye chuma. Nikajiambia basi, nimemwua, hatapanda tena hata kizingiti cha mlango.

Nikamgeukia. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa akitazama mabati yanayong'aa, mnara wa msikiti, Mto Tana na miti yake ya kijani pande mbili, daraja, na magari madogo yakipita juu yake. Alitazama kila kimoja kwa zamu. Kisha akanyoosha kidole.

"Habaryar, ile si shule?"

"Ndiyo."

"Ile ghorofa?"

"Ndiyo hiyo."

Akaikazia macho. "Iko chini," alisema.

Chini yetu kulikuwa na vurugu. Yule kijana alikuwa ameshika breki kwa mikono miwili, uso umemwiva, akipaza sauti, "Mama! Nani anakufa huko juu? Nani amezidiwa?" Watu walikuwa wamekusanyika, na kati yao nikamwona kaka yangu, aliyeapa hatakanyaga uwanja ule, mkono kichwani, akipiga kelele, "Washushe! Shusha watoto!" Wengine wakaitikia, washushwe, washushwe. Kijana akaanza kuturudisha nyuma polepole, kiti baada ya kiti, na wasichana wa chini wakaanza kufunguliwa.

Ndipo mtoto wangu asiyesikika alipoinamia kile chuma cha mbele.

"Warya!" alipiga ukelele, neno ambalo kwetu huitiwa mvulana mdogo, na yule alikuwa mwanamume mwenye ndevu. "Warya! Wewe zungusha! Sisi hakuna kufa! Zungusha!"

Uwanja mzima ulisikia. Sikujua kwamba kifua kile chembamba kilikuwa kimeficha sauti kubwa namna hiyo. Kijana aliinua uso akashangaa. Wasichana wa kiti cha nyuma wakacheka, kisha nao wakaanza, "Hakuna kufa! Zungusha!" na waliokwisha kufunguliwa wakakimbilia kurudi vitini. Kaka yangu akashusha mkono kichwani. Breki ikaachiliwa, likazunguka, na likazunguka kasi kuliko mwanzo. Yeye akapiga mayowe, yale mayowe ya watoto wa kwingine, na mimi nikalia waziwazi mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu wote. Sikuona haya, na sioni hadi leo.

Tuliposhuka yule kijana alikuja kuomba radhi. Alisema huko kwao alikuwa na jirani Mwislamu, na siku jirani huyo alipokuwa akikata roho, jamaa zake walimsomea maneno hayo hayo. "Nikajua huko juu kuna mtu anaondoka, mama. Ningefanyaje?" Nilimwambia alifanya vyema. Mtoto hakuniunga mkono. Alimwambia alitupunja mizunguko yetu. Kaka yangu, aliyekuwa amesimama kando akijifanya anasubiri mtu, aliuliza tu, "Sauti hiyo imetoka wapi?" Nikaenda kumnunulia mtoto sambusa.

Shule ilifunguliwa. Sikulala vizuri, nakubali, kwa sababu gurudumu lina raha zake na ngazi ya saruji haina. Ilikuwa asubuhi ya joto, Gredi ya Nne wamepanga mstari na madaftari yao. Mwalimu mkuu alitangulia akasimama juu, mikono nyuma. Mimi nilibaki chini, darasa langu likiwa limekwisha kuanza bila mwalimu. Mstari ukapanda. Yeye akafika mguu wa ngazi, akashika ile nguzo, na miguu ikasimama. Wenzake wakampita kulia na kushoto. Mwalimu mkuu aliona, akashuka ngazi moja kumjia, na uso wake ukawa na ile huruma yake.

Mtoto akaiachia nguzo. Akaweka mguu mmoja, akaleta wa pili, akashika chuma cha pembeni akakivuta kwa nguvu kuona kama kimefungwa. Akapanda tena. Alipofika katikati alisimama, akayumba kidogo, na mimi kule chini, kabla sijajizuia, nikaanza kuisoma shahada, tena kwa ile sauti yangu ya darasani.

Aligeuka. Alinitazama kwa jicho kali, akamwangalia mara moja mwalimu mkuu aliyekuwa akimsogelea kutoka juu, kisha akaniinamia kama nilivyozoea kumwinamia yeye.

"Isome kimoyomoyo, habaryar," alisema. "Huyu naye atatusimamisha."

Nikafunga mdomo. Akageuka, akampita mwalimu mkuu, akaingia darasani.