Sauti ya Bujiku Kwenye Diski Mpya

Laptopu ya marehemu Bujiku ilikuwa imejaa na inagomagoma. Ukiiwasha, kabla ya chochote, unasikia sauti yake aliyoirekodi kwa utani, akimwamkia mkewe kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu!"

Mjane wake, Nyanjige, aliipeleka kwa Luhaga, fundi wa pale Bariadi mjini. "Niwekee diski kubwa. Ila ukimpoteza huyo, mdogo wangu, hatutaelewana."

Luhaga hakuweka Windows mpya kama alivyozoea. Alinakili diski nzima ilivyo, jasho linamtoka, akafunga diski mpya ya SSD, ile aina yenye kasi, akawasha mbele ya Nyanjige.

Zamani laptopu ilichukua dakika nne kuwaka, Nyanjige anavuta stuli, anajiweka sawa. Sasa hata hajakaa.

"Mwangaluka, mayu!"

"Mwangaluka, baba," akaitika, mkono kifuani. "Mbona ana haraka hivyo siku hizi?"

Luhaga akaishika diski ya zamani. "Hii niifute?"

"Kwani humo hayumo tena?"

"Yumo."

"Sasa unamfutaje mtu aliyemo?"

Nyanjige akaondoka na laptopu yake. Diski ile ipo kwenye droo ya Luhaga mpaka leo. Kila akifungua kibanda asubuhi anaisalimia kwanza, halafu anatulia kidogo, kama anayesubiri kuitikiwa.