Jikoni Hjulsta, Bila Kisu

Kliniki ya akili iliponiruhusu niende zangu, muuguzi wangu alinipa mkono na kunisisitizia mawili: nilale vizuri, na nisijifungie ndani. Niwe na watu. Haya, Jumamosi moja nikawaendea watu.

Rafiki yangu wa Hjulsta, Mkongo mwenzangu, alikuwa anabatizisha mtoto wake kesho yake. Nilitoka kwangu Bredäng, upande mwingine wa Stockholm, na kitenge cha kupikia mkobani. Kwetu mwanamke akifika kwenye shughuli hasubiri kuambiwa; anajifunga kitenge, anatafuta kisu, anaanza vitunguu. Anayeketishwa sebuleni na juisi ni mgeni, au mgonjwa.

Sijamaliza hata kitunguu cha pili, mwenyeji akanishika mkono taratibu, kama anavyoshikwa mtoto aliyeokota wembe.

“Mama, leta ile kisu. Wewe ikala tu pale kwa kiti, utachoka.”

“Nani kakwambia nimechoka?”

Kila mwanamke jikoni akaangalia sufuria yake. Kisha yeye, kwa ile sauti ya huruma ninayoichukia mpaka leo: “Leo ulikunywa dawa?”

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Wanawake hawa nimewasuka nywele, nimekaa nao hospitali wakijifungua! Leo wananiogopa mbele ya kitunguu? Nikachukua koti langu, nikaondoka bila kuaga.

Kwenye treni ndipo nilipoingiwa na hofu. Mara ya mwisho nilipougua ilianza hivi hivi, kwa kugombana na watu. Je, ndiyo inarudi? Nikaanza kujihoji mwenyewe. Jana nililala? Nililala. Nimekula? Nimekula. Dawa? Nimekunywa, tena kwa wakati. Basi huu haukuwa ugonjwa. Ilikuwa hasira, yenye sababu, kama ya mtu yeyote, na nusura waninyang'anye hata hiyo. Nikazidi kukasirika, safari hii bila woga.

Asubuhi rafiki yangu akanipigia simu. “Mama, uko muzima?”

“Niko mzima, na nimekukasirikia sana. Kama unaniogopa, sema unaniogopa. Habari za dawa zangu niachie mwenyewe.”

Nilisikia mtoto wake akilia nyuma.

“Nakuogopaka,” akasema mwishowe.

Afadhali hivyo. Nikaoga, nikavaa gauni langu zuri, nikaenda kanisani nikaketi ubavuni mwake, makusudi.