Mtu wa Mpira

Tangazo aliliandika bosi mwenyewe, kwa chaki, kwenye mlango wa karakana yetu ya mbao: ANATAFUTWA MTU ANAYEJUA MPIRA. Sisi wa ndani tulielewa. Msumeno wetu wa mkanda unazunguka juu ya magurudumu mawili yaliyovikwa mpira, na bosi, kwa kuwa ni mtu wa haraka, alikuwa ameyasafisha kwa petroli. Mpira ukavimba, ukapasuka, msumeno ukawa unachomoka kila mara. Nilimwambia, "Bosi, andika mpira wa mashine." Akanijibu nibaki na vanishi yangu. Nikabaki nayo.

Kesho yake akaja jamaa mrefu, mikono mipana kama sinia, kwapani ana mfuko wa viatu vya njumu. Alikuwa golikipa. Kwa usahihi zaidi, golikipa wa akiba. Wanasema akiba haiozi. Yeye alikaa akiba mpaka magoti yakaanza kuoza.

Usaili niliusikia wote, maana nilikuwa napiga msasa kitanda hapo pembeni.

"Umekaa kwenye mpira muda mrefu?" bosi akauliza.

"Tangu utoto, bosi."

"Ukiona umeanza kuchoka, unafanyaje?"

"Natoka, anaingia mwingine."

"Safi sana! Ndiyo nasema kila siku: ukichoka, utolewe. Watu wanalazimisha tu! Na usafi je?"

"Mimi sichezi rafu, bosi."

Akapata kazi. Asubuhi iliyofuata alikabidhiwa brashi na kitambaa. Akaviangalia, akauliza kwa adabu uwanja uko wapi. Bosi akamwambia uwanja ataufagia akimaliza mashine.

Ukweli ulipojulikana, bosi hakukubali kwamba amekosea. Bosi wetu hajawahi kukosea hata siku moja, yeye hukosewa. Alisema tu kwamba mpira ni mpira. Aliyenishangaza ni Kipa mwenyewe, ambaye hakuondoka. Mchana tukiwa tunakula ndipo akaniambia: jana yake alikuwa ameshampigia simu baba yake, dereva wa lori aliyestaafu, akamwambia amekuwa kocha wa timu ya karakana. Mzee alishatangaza mtaa mzima.

"Dada, nikimwambia nafuta mashine, mzee atakufa."

"Hafi. Atacheka."

"Hicho ndicho kibaya zaidi."

Kazi yake ya kwanza ilikuwa zile rola za mpira zinazovuta ubao kuingia kwenye mashine ya randa. Alizipaka dawa ya viatu. Nyeusi. Akazisugua mpaka zikang'aa, maana ndivyo alivyofundishwa kutunza njumu. Tukaingiza ubao, ukateleza palepale ulipo, rola zinazunguka bure, na ulipotoka hatimaye kwa kusukumwa, ulikuwa na mistari kama punda milia. Mteja alikuwa ameagiza mlango mweupe.

Basi mimi, mtu wa vanishi niliyeambiwa nibaki nayo, ndiye niliyemfundisha. Zima mashine na uchomoe waya ukutani kwanza; mikono hiyo Mungu hana akiba yake. Utomvu uliogandana na vumbi uutoe kwa kijiti cha mbao, usitumie kisu. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kikamuliwe, kisha pakaushwe. Petroli, grisi na tina ya kuchanganyia rangi zikae mbali. Mpira ukianza kung'aa na kuwa mgumu, upitishie msasa laini ili ushike tena. Jioni legeza msumeno, magurudumu yapumzike. Mwanzoni alikuwa mzito, sitamsifia bure. Baadaye akashika.

Kilichomtesa ni timu. Kila wiki mzee alipiga simu kuuliza matokeo, na kila wiki Kipa alijibu kwamba wametoka sare. Angesema wameshinda, mzee angetaka kuona kombe; angesema wamefungwa, mzee angempa mawaidha. Timu isiyokuwepo ikatoka sare kwa miaka bila kupumzika, na mzee akaisifia ulinzi wake.

Halafu mchana mmoja mzee akaingia karakana bila hodi, kofia kichwani, shati limepigwa pasi. Amekuja kutazama mazoezi.

"Kocha yuko wapi, mwanangu?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo niseme ametoka. Lakini Kipa alikuwa amepiga magoti palepale mbele yetu, mkono wote ndani ya mashine ya randa, anafuta rola. Akainuka, uso umejaa vumbi la mbao.

"Shikamoo, baba. Hakuna timu. Haijawahi kuwepo."

Bosi, ambaye ana kipaji cha kutokea wakati mbaya, akapita akimpiga begani: "Mzee, huyu ndiye mtu wangu wa mpira!"

Mzee akakaa kwenye kitanda changu ambacho vanishi yake haijakauka. Sikuthubutu kumwinua.

"Na zile sare?"

"Nilizitunga, baba. Nisamehe. Nilitaka uwe na kitu cha kujivunia. Wakati ule nacheza hukuwahi kuja hata mara moja."

"Nilikuja," mzee akasema. "Nilikuwa nakaa kule nyuma, juani. Nakuona benchi mpaka filimbi ya mwisho. Nikirudi, mama yako ananiuliza, namwambia leo kijana kadaka penalti."

Kipa akaketi kando yake. Roho iliniuma, na sioni haya kulisema.

"Penalti ngapi, baba?"

"Nyingi. Hata mimi niliona zimezidi."

Mzee akaitazama ile rola, nusu safi, nusu bado.

"Kazi hii hapa mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

Mzee akavua kofia, akaiweka gotini. "Basi endelea. Nimekuja kukutazama."