Tari la Wimbo wa Tatu

Mume wangu Jumapili yake ni santuri moja tu. Akishaoga na kula huifuta vumbi kwa kitambaa cha flana ambacho mtu mwingine akikigusa patachimbika, kisha hukaa kwenye kiti chake, katikati ya spika mbili, na kufumba macho. Ni albamu ya kwanza ya vijana wanne waliopiga roki zama zile tukivaa suruali za bugaluu na viatu vya soli nene, nywele tumezitimua mpaka mlangoni tunapita kwa kuinama. Kwenye jalada wameegemea ukuta wa matofali. Watatu wanakutazama, na wa nne anatazama pembeni, kama aliyeona mtu anakuja.

Zipo albamu zao nyingine ndani ya nyumba hii, zina vinubi na kwaya nzima ya wanawake, na yeye hana habari nazo. Husema huko walishajijua kuwa ni watu wakubwa. Hii ya kwanza walikuwa bado na njaa. Waliirekodi wote wakiwa chumba kimoja, na kabla ya wimbo wa nne mwimbaji anakohoa, nao hawakujisumbua kukifuta kile kikohozi. Ukisikiliza vizuri unasikia kiti kikiburutwa. Mambo ya spika mbili yalikuwa mageni wakati huo, basi fundi aliyewarekodi aligawa muziki kama mtu anayekata mkate: sauti na magitaa yote upande wa kushoto, dramu, besi na tari upande wa kulia. Mimi pia naipenda, nisiseme uongo. Ndiyo aliyonijia nayo kwapani siku ya kwanza kuja nyumbani kwetu, na mama alidhani ni sinia.

Tari hilo huingia katikati ya wimbo wa tatu, kwa mbali, jembamba, mtu asiyelijua hulikosa. Mume wangu halikosi. Hungoja, halafu huinua kidole kimoja na kusema, "Hilo hapo." Hicho ndicho kipimo chake cha masikio. Mwaka jana bosi wao alisema wafanyakazi wa muda mrefu waende hospitali kupimwa, naye akacheka mbele za watu akasema yeye kipimo anacho nyumbani, na wote wakaridhika, bosi akiwa wa kwanza, maana hospitali ni gharama.

Kazini wanamwita Sikio. Anaendesha msumeno wa kiwanda cha mbao, ule wa mkanda mrefu wa chuma unaozunguka juu na chini kama mkanda wa cherehani yangu, ila huu una meno. Hukaa pembeni ameshika mkono wa chuma unaosukuma gogo mbele na kulirudisha nyuma. Kwa vumbi la pale huoni kitu, kwa hiyo kazi yenyewe ni ya kusikiliza. Mkanda ukiwa mzima unavuma. Ukianza kupata ufa unatoa mlio mwembamba juu ya ule uvumi, ti, ti, ti, kila ufa unapopita, na hapo aliyeshika mkono ana nafasi ndogo sana ya kurudisha gogo nyuma na kuzima. Asiporudisha, mkanda unakatika na kuruka. Nao huruka upande wa mbele, anakosimama mpokea mbao. Mpokea mbao ni mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, ambaye nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na ni mimi niliyemwombea kazi pale.

Alhamisi mkanda ulikatika. Mume wangu alirudi nyumbani, akanawa, akaniambia umekatika ghafla bila hata kulia, chuma cha siku hizi hovyo. Akala akashiba. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na mshono wangu.

Jumamosi mdogo wangu akaja, akijua shemeji yake yuko kinyozi. Hakukaa. Alisimama karibu na cherehani akawa anachezea kipande cha kitambaa, na mkono wake ulikuwa na bandeji kutoka kiganjani mpaka kiwiko. Hilo sikuwa nimeambiwa: mkanda ulipita hapo, ukaingia ukutani.

"Dada, ule mkanda ulilia," akasema.

"Shemeji yako anasema haukulia."

"Ulilia. Ulilia mpaka mimi nikaacha mbao nikamtazama. Nilimpigia kelele. Alikuwa anasukuma tu, ametulia, kama mtu aliye kwenye kiti chake hapa."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini, dada? Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nimwambie Sikio hasikii?" Akaweka kile kitambaa chini. "Jumatatu wanaweka mkanda wa zamani, ule uliowahi kuungwa. Bosi hataki kununua mwingine mpaka mwisho wa mwezi. Na mimi nitasimama palepale."

Akaondoka, na mimi nikabaki nimekanyaga pedali ya cherehani isiyo na nguo ndani yake. Kweli nilikuwa nimeona mambo. Anasema siku hizi natafuna maneno. Ananitazama mdomo ninapoongea, nami mjinga nikadhani nimependeza. Wageni hugonga wee mpaka nitoke jikoni. Lakini mwanamume akiwa hamsikii mkewe, nani atasema huo ni ugonjwa? Wote kwenye mtaa huu ni wagonjwa basi. Na kila nilipotaka kupata wasiwasi ilifika Jumapili, kidole kikainuka palepale panapostahili, na moyo wangu ukatulia.

Usiku ule nilijipa jibu ambalo sikulitaka. Kama mtu anaujua wimbo tangu ujana, kidole kinahitaji sikio la nini?

Jumapili, alipokuwa bafuni, nilikwenda nyuma ya spika ya kulia nikauchomoa waya wake. Nikauficha vizuri nyuma ya pazia. Akatoka, akafuta santuri yake, akaweka sindano, akakaa, akafumba macho.

Mimi nilikaa na mfuko wa vifungo mapajani. Kutoka kushoto yalikuja magitaa na yule kijana anaimba, na kulia hakuna kitu, shimo. Ulikuwa muziki wa kutisha, kama kumwona mtu unayemjua anatembea bila kivuli. Nikangoja aseme, nani amegusa spika zangu. Nilitamani anigombeze, nilitamani kuliko kitu chochote. Alianza kupiga goti kwa vidole, akifuata dramu ambazo hazikuwepo.

Wimbo wa tatu ukaanza. Ukafika katikati. Kidole kikainuka.

"Hilo hapo," akasema. "Hebu lisikie linavyoteta."

Nikainuka. Nilikwenda kwenye mashine ya santuri nikashika kitufe cha sauti, nikaanza kukipunguza, taratibu, taratibu, huku namtazama usoni. Nikakifikisha mwisho. Chumba kikawa kimya kiasi kwamba nilisikia sindano yenyewe ikikwaruza santuri. Mume wangu aliendelea kupiga goti. Alipita ubeti, akasimama pale dramu zinaposimama, akaingia tena pale zinapoingia, na mimi nikiwa nafuata kichwani nakuapia hakukosea hata pigo moja. Wimbo ukaisha. Akatulia kidogo, kisha akatabasamu. Ni pale penye kikohozi.

Alipofumbua macho alinikuta nimesimama pale, uso umelowa.

"Vipi tena, bibie? Unalia nini?"

"Nimezima," nikasema.

"Umezima nini?"

Nilimwonyesha kitufe. Alikitazama, akaitazama santuri inavyozunguka, akanitazama mimi. Halafu aliinuka akaja kuweka kiganja juu ya spika, kama unavyompima mtoto homa. Nikafungua sauti mpaka juu. Magitaa yakajaa nyumba nzima, jirani akapiga ukuta.

"Hii ya kushoto nasikia kidogo," akasema. Akahamisha kiganja kwenye ile ya kulia. "Na hii?"

Nikavuta pazia nikamwonyesha waya.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa santuri."

"Na tari?"

"Hakuna tari, mume wangu. Tari liko upande huo."

Alikaa chini, si kwenye kiti, sakafuni. Nilidhani atafikiria masikio yake, muziki wake, jina lake kule kazini. Aliposema alisema polepole, akinitazama mdomo.

"Basi Alhamisi ule mkanda ulilia."

"Ulilia."

"Na shemeji alisikia?"

"Alisikia."

Nilimsihi asiende kazini Jumatatu, nilimwambia tutakula cherehani, nilimwambia amwambie bosi ukweli. Sijui alishika mangapi. Asubuhi nilipoamka upande wake wa kitanda ulikuwa baridi na buti zake hazipo.

Kiwanda kiko nyuma ya mtaa wetu, msumeno ukiwashwa vikombe vyangu vinacheza kabatini. Vikaanza kucheza. Niliacha nguo ya mteja chini ya sindano nikatoka na kanga ya ndani na kandambili, na watu waliniuliza kuna nini, nikawapita. Kichwani nilikuwa namwona mdogo wangu amesimama mbele ya ule mkanda uliounganishwa, na huyu wangu nyuma anapiga goti lake ametulia. Nilijiapiza, Mungu anisamehe, kwamba kikitokea kitu sitamsamehe.

Niliingia kwenye vumbi sioni mbele. Lilipotawanyika kidogo nikamwona mtu amekaa ameshika mkono wa chuma, na mkono wake una bandeji. Alikuwa mdogo wangu. Mbele ya mkanda, pale mbao zinapotokea, alisimama mume wangu.

Alikuwa ameupa mkanda ubavu. Mbao zilimjia akazipokea kwa kupapasa tu, bila kuzitazama. Macho yake yote yalikuwa kwa mdogo wangu, hayapepesi, na vumbi linatua juu yake. Nilitaka kuita. Ningemwita nani? Kama mdogo wangu angegeuka kunitazama, mume wangu angekuwa amepoteza sikio lake la mwisho. Nikajiziba mdomo kwa kanga nikasimama palepale.

Ndipo nikausikia mimi mwenyewe. Ti, ti, ti, juu ya uvumi, mwembamba, kwa mbali. Uso wa mdogo wangu ukakaza. Mume wangu aliuona ukikaza, akaachia mbao, akajitupa kando, na gogo likarudi nyuma na mashine ikazimwa. Mkanda ulizunguka, ukazunguka, ukasimama. Haukukatika. Ufa ulionekana kwa macho, umekula nusu ya chuma, palepale ulipounganishwa.

Mume wangu alijikung'uta magoti, akamsogelea shemeji yake mpaka karibu kabisa ili amwone mdomo.

"Umelia?" akauliza.

Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa. Mikono bado imeng'ang'ania chuma.

"Unaliaje?"

Huyu mdogo wangu amekulia katika nyumba yetu, na Jumapili zake zote za utoto alilazwa kwenye mkeka chini ya spika zile. Alifikiri kidogo.

"Kama tari, shemeji," akasema. "Lile la wimbo wa tatu."

Mume wangu aliutazama mkanda uliosimama. Kisha akainua kidole kimoja, kama afanyavyo siku zote, na safari hii alikuwa amechelewa.