Darasa Lililonuka Karafuu

Kila nkiwapeleka wajukuu zangu kwa daktari wa meno, harufu ya mafuta ya karafuu hunipokea mlangoni, nami hucheka peke yangu mpaka watu wakanitazama. Wajukuu huona haya. "Bibi, hapa si pahala pa kucheka," huniambia, na midomo imewakauka kwa hofu. Kaeni kitako basi nikuelezeni nyinyi, maana wao siwezi kuwaeleza nikabaki na heshima yangu.

Miaka ile ya hamsini tulikuwa tukikaa Malindi ya Unguja, ghorofani, mimi na bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanakheri. Madirisha yetu yaliingiza harufu zote za bandarini: papa mkavu, kamba za katani zilizolowa, na karafuu zilizomwagika makuli wakipakia magunia. Bibi naye alikuwa na kopo lake la karafuu chini ya kitanda. Ndilo lililokuwa hospitali yetu ya meno. Ukiumwa, unapachikwa karafuu moja kwenye tundu, unaambiwa uing'ate na unyamaze.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na jino langu moja la nyuma lilikuwa na tundu la kuingia karafuu nzima na kichwa chake. Sababu yake naijua: kashata za njugu. Jirani yetu mmoja alikuwa hodari wa kuzipika, na kila akipika alimletea Bibi kisahani. Bibi alikisogeza kwangu hapo hapo.

"Wewe huli, Bibi?"

"Nshakula mie. Kula, mwanangu."

Nkala. Mtoto gani atabishana na kashata?

Sasa, mwezi wa Mfungo Sita nikachaguliwa kusoma kasida peke yangu kwenye Maulidi ya wanawake wa mtaani kwetu. Peke yangu, jamani, mbele ya kina mama wote wa Malindi! Bibi alinishonea gauni la hariri la rangi ya waridi, na kila akipita aliliinua likining'inia akalipuliza vumbi lisilokuwepo. Maulidi ilikuwa Jumapili. Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu, Bi Rukia, akatutangazia kwamba Alkhamisi daktari wa meno atakuja skuli kututazama.

Daktari yule tulimjua tangu mwaka uliopita. Alikuwa mtu mfupi, miwani minene, na alikuwa na hila yake: hakujisumbua kukagua kila kinywa. Aliinama, akanusa. Anayenuka karafuu aliwekwa kando, kwa sababu alitujua vizuri, kwamba hakuna mtu Unguja mwenye meno mazima anayekaa na karafuu mdomoni. Waliowekwa kando walikwenda hospitali wakarudi na mashavu yamefura kama maandazi. Nami nilikwisha ambiwa na binamu yangu, mwongo mkubwa, kwamba daktari akishaanza kung'oa haachi mpaka amalize. Nikajiona Jumapili nimesimama na hariri yangu, kibogoyo, nasoma kasida kwa ufizi.

Kuiacha karafuu nyumbani haikuwezekana. Bila yake jino lilinipigia ngoma mpaka machozi yakanitoka. Nikafikiri usiku na mchana, nikapata akili ambayo hadi leo naistaajabia. Ikiwa anayenuka ndiye anayekamatwa, basi tunuke sote!

Alkhamisi asubuhi nililimimina kopo zima la Bibi, nikafunga karafuu kwenye pembe ya mtandio wangu. Darasani nikawaambia wenzangu kwamba hii ndiyo siri ya waimbaji, kwamba karafuu inasafisha koo, na mwenye kuitafuna asubuhi sauti yake inakuwa asali. Mungu anisamehe. Wasichana thelathini wakapokea, wakatafuna.

Daktari akaingia, tukasimama tukamwamkia, akaitikia. Akainama kwa wa kwanza. "Karafuu. Kaa kando." Wa pili. "Karafuu. Kando." Kufika wa sita akavua miwani, akaifuta, akamgeukia Bi Rukia.

"Mwalimu, hawa ni wanafunzi au ni magunia yanayongoja meli?"

Bi Rukia akatutazama mmoja mmoja. Daktari akavua saa yake, akaiweka mezani, akatoa kioo kidogo chenye mpini. "Haya. Leo natazama kinywa cha kila mtu, jino baada ya jino. Hatoki mtu."

Hakutoka mtu mpaka adhuhuri. Karafuu ziliwachoma ndimi, maji hayaruhusiwi, na kila aliyemaliza kukaguliwa alinitupia jicho la kuniua. Rafiki yangu Asha, ambaye hajapata kuumwa na jino maishani, akaonekana ana kidoa cheusi kwenye jino.

"Linakuuma?"

"Hata kidogo."

"Basi ndio wakati wake," akasema daktari, akaliandika. Likazibwa, na Asha analo hadi leo. Kila tukikutana hunionesha, ati nishukuriwe mimi.

Zamu yangu nilimchekea daktari kwa meno ya mbele, meupe pee. Akatikisa kichwa. "Nyumba njema si mlango. Fungua niingie ndani." Nikafungua. Akaingiza kioo chake mpaka nyuma. "Hili limekwenda," akasema. "Ungeliletwa mwaka jana, lingelipona."

Nyumbani nikalirudisha kopo tupu mahala pake. Bibi akalitoa jioni ile ile, akalitikisa, akanitazama. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alikaa dirishani siku mbili ameshika shavu, hasemi nami, chakula hakigusi. Nikajua nimemuudhi, na hilo liliniuma kuliko jino.

Jumamosi akanipeleka hospitali hata hivyo, nalia njia nzima. Mlangoni akasimama. Daktari akamwona.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Ingia na wewe nikutazame."

Bibi akacheka, meno yake manne ya mbele mekundu kwa tambuu. "Mie mzima, mwanangu. Nani anakwenda kwa mganga haumwi?" Mkono wake haukutoka shavuni.

Jino langu likatoka, moja tu. Jumapili nilisoma kasida na shavu limejaa, nikapigiwa vigelegele, na mama mmoja akamwambia Bibi kwamba mtoto ananenepa, mashaallah. Pengo lenyewe lilikuwa nyuma kabisa. Hata mwenyewe nililitafuta kwa ulimi.

Miaka mingi baadaye, nshaolewa, nshazaa, Bibi alilala kitandani asiinuke tena, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha uji kwa kijiko. Siku ya kwanza nilimwambia, "Fungua kinywa, Bibi." Akafungua. Mbele mlikuwa na meno yale manne, kama mlango uliopakwa rangi. Nyuma yake hamkuwa na kitu, juu wala chini.

Nikakirudisha kijiko bakulini. Nikakumbuka tambuu yake aliyoitwanga kwenye kinu kidogo, nami nikidhani ni ustaarabu wa wazee. Nikakumbuka kopo la karafuu, lililokuwa nusu tupu kabla jino langu mimi halijauma. Nikazikumbuka na zile siku mbili za dirishani. Hakuwa amekasirika, maskini. Nilikuwa nimemwibia dawa yake yote nikawapa wasichana thelathini waitafune bure.

Siku hizi kila baada ya miezi sita nakwenda kwa daktari pamoja na wajukuu, nami ndiye wa kwanza kukaa kwenye kiti, wanione. Tukirudi nyumbani napika kashata za njugu, ngumu hasa. Wao hutaka kisahani kizima. Nawagawia, lakini changu sikitoi.

"Bibi, si utupe na hicho?"

"Ngojeni," nawaambia. "Mie bado sijala."